Ubao wa Kusitiri

Zainabu na Perpetua, chumba ni chenu sasa. Mimi magoti yamekataa. Mvua zilizopita niliinama kuokota karai nikabaki palepale chini kama niliyesujudu, hadi Perpetua akaja kuninyanyua, nikajua yametosha. Mlinisihi niwasimulie mambo ya chumba kile, lakini kila nikianza, mmoja anaitwa wodini na mwingine anaziba masikio. Basi nimeandika. Mwandiko ni wa kisomo cha watu wazima, msinicheke. Darasani niliishia la pili. Yaliyobaki nilifundishwa na wafu, na ubao ule uliopo ukutani mnaoupita kila siku bila kuuliza kwa nini juu kabisa pamechorwa miguu minne.

Nilianza kazi uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa mfagiaji wa wodi ya akina mama. Siku moja nikaambiwa niende chumba cha nyuma, maana Bi Mgeni binti Athumani aliyekuwa akiosha maiti wa kike hakuja kazini, na nyumbani kwao walisema hatakuja tena. Nilimkuta Mama Yustina Kahabi amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anapasua shashi vipande kwa meno. Huyo ndiye mwalimu wangu. Mnyamwezi wa vijiji vya nje ya mji, Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye mikono midogo kama ya mtoto.

Hakunionyesha maji wala sabuni kwanza. Alinionyesha mlango.

"Ukiingia, salimia," akasema. "Mkubwa mpe shikamoo. Mdogo mwulize hujambo."

"Na asiponiitikia?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Salimia, usisubiri jibu, shika kazi yako."

Nikacheka. Nikamwuliza kama Bi Mgeni alikuwa akisubiri jibu.

"Bi Mgeni alijibiwa," akasema Mama Yustina, akaendelea kupasua shashi.

Chumba mnakijua, ila wakati ule hakikuwa na dari. Ilikuwa bati tupu, na jua la mchana likipanda bati lilikuwa likialika, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Meza ilikuwa ileile ya saruji yenye mfereji. Vyombo vyetu: karai mbili za bati, moja ya maji ya kwanza na moja ya maji ya mwisho, wala zisibadilishane, sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi, shashi, pamba, na shuka zilizochoka ambazo wodi zilizikataa. Mama Yustina alinifundisha kuanza na mkono wa kulia wa marehemu, kuushika kabla ya kuumwagia maji, ili ajue nani amekuja. Leo nyinyi mnavaa glovu. Ni vizuri, lakini shikeni kwanza.

Upande wa wanaume alikuwapo Mzee Sadala Mfaume, Mzaramo aliyekuja na reli akasahau kurudi pwani. Yeye na Mama Yustina walikuwa watani, na utani wao ulikuwa haupumziki hata mbele ya maiti. Ndiyo desturi yenyewe, mtani ndiye anayepaswa kuchekesha msibani.

"Nyinyi Wanyamwezi mmezaliwa kubeba," Sadala alikuwa akimwambia wakiinua machela. "Babu yako alibeba pembe mpaka pwani, wewe mbebe huyu mpaka mezani."

"Na wewe babu yako alikaa pwani akingoja abebewe," Mama Yustina anamjibu. "Inua, mvivu."

Msimamizi wetu alikuwa Ndugu Lazaro Misigalo, Mmoraviani, mtu mrefu wa maneno machache ambaye zamani alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Lazaro, jina la yule aliyefufuliwa, kuwekwa msimamizi wa chumba cha maiti! Mji mzima ulicheka. Yeye mwenyewe hakucheka hata mara moja, nadhani kwa sababu kila aliyekutana naye alidhani ndiye wa kwanza kuufikiria mzaha ule.

Sasa niseme habari ya ubao. Kazi yetu ina neno moja: kusitiri. Utasikia, "Yustina, kuna mtu wa kusitiri." Neno ni moja lakini kazi si moja. Mwislamu anasitiriwa hivi, Mkristo vile, kichanga vingine, aliyekufa kwa kipindupindu vingine kabisa. Nilipoingia, ukutani palikuwa na karatasi moja ya zamani nyuma ya kioo. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa KUSITIRI MAITI, na chini yake, FUATA UTARATIBU UNAOHUSIKA. Basi. Utaratibu wenyewe unaohusika ulikuwa umetawanyika kama kuku. Wa Wakristo ulining'inia nyuma ya mlango, hivyo mlango ukiwa wazi hauuoni. Wa vichanga uliwekwa stoo ya wakunga. Wa magonjwa ya kuambukiza ulifungiwa kabatini kwa bwana afya. Wa Waislamu ulikuwa kichwani mwa Sadala, na Sadala akiwa na homa, Waislamu wote walingoja apone.

Ndiyo maana yakatukuta ya Mzee Yohana Magembe. Aliletwa kutoka njia ya Urambo, ameanguka na baiskeli, bila mtu wa kumtambulisha. Kichwani alikuwa na kofia nyeupe, basi Sadala akamsitiri alivyojua: sanda, karafuu maiti, kafuri, na akatuma habari msikitini. Mkewe akafika na kumbe marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na kofia aliiazima kwa ajili ya jua. Tukasimama tumeinamisha vichwa tukisubiri kutukanwa. Mama yule akamwinamia mumewe, akanusa, akasema, "Angalau ananukia." Halafu ndipo akalia.

Ndugu Lazaro hakulala vizuri baada ya siku ile. Akaomba mbao kwa fundi seremala wa hospitali, akakusanya karatasi zote, akamketisha Sadala na kumwandikia yaliyo kichwani mwake, akachora ubao wa kwanza. Ulikuwa mzuri kama kibao cha duka la Mhindi, lakini ulikuwa mrefu! Kila namna imeandikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila moja inaanza tena: funga macho, funga kidevu, nyoosha mikono. Sadala akausogelea, akarudi nyuma.

"Ndugu Lazaro," akasema, "maiti ataoza tukiwa bado tunasoma."

Mama Yustina akasema mambo yote yale yanaanza sawa, kwa nini yasisemwe mara moja? Nami nikasema michoro ingenifaa kuliko maneno. Lazaro akaupiga ubao rangi upya, wote, bila kinyongo. Ubao wa pili ndio mnaouona. Juu, neno lenyewe. Chini yake, yale ya wote: funga macho, funga kidevu, nyoosha mikono, funga vidole gumba vya miguu kwa shashi. Halafu visanduku, na kila kisanduku kina mchoro wake na yale tu yanayotofautiana: tasbihi, msalaba, kichanga, fuvu kwa ugonjwa wa kuambukiza. Cha mwisho kabisa, mchoro wa furushi: msafiri asiyejulikana. Ukikosa kisanduku chochote kinachomfaa, unashuka kwenye furushi. Mtu yeyote, hata asiyesoma, anasimama mlangoni na kuona kazi nzima kwa mara moja. Tulijivuna. Wauguzi walikuwa wakija kuutazama kama picha ya harusi.

Ubao ule ulitutumikia vizuri kwa miaka. Nawakumbuka niliowasitiri chini yake, wote kwa majina: Anastazia Mboje, Mwanne binti Kheri, Sikujua Maganga, mtoto Tausi ambaye mama yake alitangulia. Hata wa furushini niliwatafutia majina, nikiuliza stesheni, nikiuliza sokoni, hadi mtu akasema, "Aa, huyo si fulani?" Sikupenda kumfunika mtu asiye na jina. Hiyo ilikuwa kazi yangu mwenyewe, hakunipa mtu.

Kisha ikaja miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Asubuhi moja wakaleta mwanamke kutoka stesheni. Treni ya Kigoma ilipofika Tabora, abiria wote walishuka, yeye akabaki ameegemea dirisha, nao wakadhani amelala. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, amesuka twende kilioni. Furushi lake lilikuwa na kitenge, dagaa wa Kigoma, na leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso mlikuwa na tasbihi na rozari, zimesokotana.

"Rozari," akasema Mama Yustina. "Ni wetu."

"Na tasbihi je?" akauliza Sadala aliyesimama nje ya mlango, kwa kuwa ni maiti wa kike. "Mnyamwezi, mzigo usio wako usiutwishe kichwani."

"Mlafi wewe, hata maiti unagombea."

Wakataniana, kisha wakageukia ubao, nao haukuwa na kisanduku cha watu wenye vyote viwili. Ndugu Lazaro akaamua: furushi. Asitiriwe kama msafiri, atunzwe mpaka Ijumaa, na Ijumaa gari la manispaa likija limchukue kwenda kule kwa wasio na wenyewe, kwenye kijiti chenye namba. Nikaenda stesheni, nikaenda sokoni Chemchem, nikaeleza uso wake. Hakuna aliyemjua. Rafiki zangu, niliumia. Nilimwosha, nikamfunga macho, kidevu, na vidole gumba vya miguu kama ubao ulivyosema, nikamfunika.

Kesho yake asubuhi Ndugu Lazaro alifungua kufuli mbele yetu. Nikasalimia, nikafunua shuka. Shashi ya miguuni ilikuwa imefunguka. Na miguu ilikuwa na vumbi.

Si vumbi la batini, msiniambie. Lilikuwa vumbi la njia, lililopanda mpaka kwenye kifundo kama soksi, na katikati ya vidole palikuwa na mchanga. Mwili uliobaki ulikuwa safi kama nilivyouacha. Mama Yustina akatazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi pia.

"Osha," akaniambia kwa sauti ndogo. "Funga tena."

Nikaosha. Maji ya karai yakawa mekundu kama chai. Nikafunga. Mchana, bati likialika, nikaenda kumtazama. Shashi imelegea, vumbi limerudi, na safari hii kulikuwa na mbegu za nyasi zimenasa kwenye pindo la shuka upande wa miguuni. Mbegu mbichi. Sadala akasema labda ni panya. Mama Yustina akamwuliza panya gani anayelima. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa sijawahi kuona utani wa wale wawili ukianguka chini bila kuokotwa.

Siku iliyofuata palikuwa na lengelenge kwenye kisigino cha kushoto. Limejaa maji. Nilimwita Ndugu Lazaro aje aone mwenyewe. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Maiti hapati lengelenge," akasema.

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Basi si lengelenge." Akafikiri. "Mfungeni kwa bendeji. Kwa nguvu."

Sikumlaumu. Mtu akiona asichokielewa hurudi kwenye ubao, na ubao ulisema funga. Mama Yustina akafunga kwa bendeji pana, kuanzia vidoleni mpaka juu ya vifundo, fundo juu ya fundo. Na kweli, siku iliyofuata miguu ilikuwa safi. Hakuna vumbi, hakuna mbegu. Ndugu Lazaro akashusha pumzi. Sadala akasema, "Si niliwaambia? Panya hawezi bendeji."

Mimi ndiyo kwanza sikuridhika. Ilikuwa Alhamisi. Jioni niliingia peke yangu nikasalimia, "Shikamoo dada," na nilipomfunua niliona mabadiliko usoni. Siyo kwamba alisogea. Lakini siku zote zile alikuwa na uso wa mtu aliye na shughuli, na sasa alikuwa na uso wa mtu aliyezuiliwa. Mnajua abiria aliyeshikwa mkono huku treni inaondoka? Uso ule. Nikatazama ubao. Funga vidole gumba vya miguu. Yale ya wote. Nikawaza, na kama huyu si wa wote?

Nikaikata ile bendeji kwa mkasi. Nikaiweka mfukoni, nikamfunika, nikatoka. Sikumwambia mtu.

Ijumaa gari la manispaa lilifika mapema. Dereva wake, Bwana Mashaka, alikuwa na haraka siku zote, na akapiga honi langoni kana kwamba marehemu atasikia atoke mwenyewe. Ndugu Lazaro alikuwa ameshika karatasi ya kumtolea. Mama Yustina amekuja na machela. Nikasema, niacheni nimwoshe miguu mara ya mwisho, msimpeleke hivi. Maana vumbi lilikuwa limerudi, jingi kuliko siku zote, na lengelenge limepasuka.

Nikajaza karai, nikamgeukia, nikaushika mkono wake wa kulia.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Karai ilianguka. Sijui niliruka au niliganda. Najua tu nilimwona Mama Yustina akifanya ishara ya msalaba, macho yake hayako mezani bali mlangoni nyuma yangu. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama yuleyule. Wembamba uleule, twende kilioni ileile, ila hii imejaa vumbi. Miguu peku, myekundu mpaka kwenye kifundo, na kisigino cha kushoto kinachuruzika.

Nje Sadala alikuwa akisoma audhubillahi kwa sauti, hakuweza kuacha.

"Hodi nimepiga," akasema yule mwanamke. "Labda mmeshughulika." Akatazama mezani, akatazama miguu, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja. "Nani alimfunga?"

Mama Yustina akaficha mikono yake nyuma.

"Juzi nusura nife njiani," akasema yule mwanamke. "Nilianguka nikakaa chini ya kichaka usiku kucha na jana kutwa, miguu imegandana kama imetiwa pingu. Natambaa, nakaa. Nikasema, wameshamfunga Doto. Halafu jioni ikaachia."

Nilikuwa bado na ile bendeji mfukoni. Nikaitoa. Aliitazama, akanitazama, akatingisha kichwa kidogo kama mtu anayesema asante pasipo kutaka wengine wasikie.

Basi tukajua. Yeye ni Kulwa, na aliye mezani ni Doto. Laiti tungelijua jina tu, jina lenyewe lingetuambia, nani Tabora asiyejua kuwa Doto ni pacha wa pili? Doto alikuwa Kigoma kwa biashara ya dagaa na alitakiwa kushuka Urambo. Kulwa alikuwa akimngoja stesheni. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka, Doto hakushuka. "Nikaona dirisha lake likipita," alisema Kulwa. "Nikaanza kutembea. Nilikwisha fika mbali ndipo nikajua kwamba natembea."

Ndugu Lazaro, mtu wa utaratibu, akamwuliza kwa nini hakungoja treni ya pili.

"Treni ingejua ameshushwa wapi?" akasema. "Miguu ndiyo iliyojua."

Alifuata njia ya zamani, ile ya misafara, inayokatisha porini mbali na reli. Mama Yustina akamwuliza alikunywa maji kwa nani, maana kaya zote za njia ile zilikuwa zimehamia vijiji vipya, nyumba zimebaki bila milango. Kulwa akasema nyumba hazikuwa na watu wa kuishi, lakini njia ilikuwa na watu. Mbele yake na nyuma yake. Wamebeba. Hawakusema naye. Hawakuwa wamesitiriwa, akasema, ndiyo maana hawafiki. Bati likaalika juu yetu, Mama Yustina akajishika kifua. Sadala, ambaye kila siku alimtania kwa mizigo ya babu yake, hakuurudia tena utani ule mpaka alipostaafu.

Nje honi ikalia. Ndugu Lazaro akatoka. Nilimsikia akimwambia Bwana Mashaka, "Rudi mtupu. Huyu ana mwenyewe." Akairarua ile karatasi.

Kulwa akatueleza desturi ya kwao. Pacha hafungwi miguu mpaka mwenzake amguse, kwa kuwa miguu ni ya wote wawili. Hatoki mtu machozi. Aliye hai analala ubavuni mwa mwenzake, wanafunikwa nguo moja, wanaagana. Kisha mtu asiye ndugu anaita jina la aliye hai mara moja, ainuke.

"Mara moja," akasema, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama ule wa mezani. "Wewe uliyekata bendeji, wewe utaita. Usikosee. Ukiita jina la mwenzangu, atakayeinuka siye."

Tukaleta benchi, tukalisogeza mezani. Kulwa akalala, tukawafunika wote kitenge cha Doto. Kwa muda tulimsikia akinong'ona Kinyamwezi, maneno ya watoto, ya kuchezea. Mama Yustina aliyaelewa na hakuwahi kuniambia. Kisha minong'ono ikakoma. Chini ya kitenge palikuwa na nyuso mbili zimechongoka sawa, na wallahi nilipotazama sikujua tena benchi ni upande upi.

Mimi ambaye sisahau jina la mtu, majina yalinichanganya. Kulwa, nikajiambia, aliye hai ni Kulwa. Au ndiye Doto? Kulwa alitangulia kuzaliwa. Doto alitangulia kufa. Nikatazama ubaoni kwa mazoea, hakukuwa na cha kunisaidia. Ndipo nikatazama kwenye upindo wa kitenge, ilipotokeza miguu yao. Yote minne ilikuwa na vumbi, lakini kati ya visigino viwili vilivyopasuka, kimoja tu kilikuwa bado kinatoka maji.

"Kulwa!" nikaita.

Kitenge kikatikisika. Kilitikisika pande zote mbili, na niliyoyaona nayaandika. Kisha upande mmoja ukatulia, na mwanamke akaketi, akavuta hewa kama anayetoka mtoni.

"Nipo," akasema.

Niliiosha miguu ya Doto kwa mara ya mwisho. Haikupata vumbi tena. Lile lengelenge lililopasuka sikuliona, ngozi ya kisigino ilikuwa nzima. Kulwa akafungua leso na kuzitenganisha zile shanga. Doto alisilimu alipoolewa, Kulwa alibatizwa, na Doto alikuwa akisafiri na rozari ya dada yake ili wasikae mbali. Basi akina mama wa msikitini wakaja, Doto akaenda kwa heshima zake zote, na jina lake likatajwa.

Wiki ile Ndugu Lazaro alichukua brashi. Alifuta "funga vidole gumba" juu kwenye yale ya wote, akaishusha ndani ya kila kisanduku, kimoja kimoja, kazi ya mchana kutwa. "Nililoliita la wote halikuwa la wote," alisema, basi. Kisha Mama Yustina akamwambia asiliweke jambo la pacha chini pamoja na mengine, maana mtu akiona tasbihi au msalaba kwanza ataishia hapo. Lililo la mtu peke yake litazamwe kabla ya lile analoshirikiana na wengi. Ndiyo maana ile miguu minne iko juu kabisa, wala haikufungwa. Nyinyi mkitazama, anzieni hapo. Ulizeni alizaliwa na nani kabla ya kuuliza anasali wapi.

Kulwa alikuwa akinitembelea kila akija mjini, ananiletea karanga. Hakupenda kusimulia. Mara moja tu aliniambia kwamba tangu siku ile hachoki kutembea, kana kwamba mtu anamsaidia nusu ya njia.

Mwaka jana, Zainabu, ulikuwa likizo ya uzazi, na Perpetua ulikuwa hujahamishiwa kwetu. Aliletwa ajuza mmoja kutoka wodi ya wanawake. Sikuhitaji kumtafutia jina. Nikampa shikamoo, nikaushika mkono wa kulia, nikamwosha, sikumfunga miguu. Kesho yake miguu ilikuwa na vumbi mpaka kwenye kifundo.

Sikuiosha. Nililisogeza benchi mezani, nikamfunika kitenge kipana, nikauacha mlango bila kufuli, nikaketi nje juani na kazi yangu ya kusuka ukili. Bati sasa lina dari, hata halialiki, palikuwa kimya. Niliporudi ndani, kitenge kilikuwa kimetandazwa mpaka kwenye benchi, na benchi lilikuwa na vumbi. Miguu ya Kulwa ilikuwa safi.

Nikafanya yote yaliyo ubaoni, moja baada ya jingine. Jina tu ndilo sikuliita. Hapakuwa na wa kuinuka.